Maoni ya Msomaji Hupotelea Wapi?

Simu iliingia saa mbili asubuhi, namba nisiyoijua. Sauti ya mama mtu mzima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayeandika mambo ya bustani huko mtandaoni?”

“Ndiye mimi.”

“Sasa mwanangu, kama hutaki kusahihishwa si useme? Nimekuandikia mara tatu, mara zote tatu umenifuta.”

Sikumfuta. Sikuwa hata nimemwona. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya mpaka shamba likaonekana kama limepitiwa na moto. Mwishoni nikamshauri mkulima aliyepata hasara abadilishe zao, apande mbilingani msimu unaofuata. Mama huyu, mkulima wa Mvomero, alikuwa ananieleza kwamba mbilingani na nyanya ni ukoo mmoja, na kantangaze habagui. “Umemfukuza mwizi sebuleni ukamtandikia kitanda chumbani,” aliniambia. Alikuwa sahihi kabisa.

Nilipokata simu nikafungua folda ya maoni taka, ambayo nakiri nilikuwa sijaigusa kwa wiki tatu. Maoni yake yote yalikuwa humo, yamelala katikati ya matangazo ya kamari, viatu na dawa za nguvu za kiume. Jukwaa ninaloandikia sitalitaja, maana ugomvi wangu nalo haujaisha. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia safari ya maoni, kutoka kidole cha msomaji mpaka chini ya makala, na nimegundua kwamba wengi wetu tunaoandika blogu hatuijui. Tunadhani tuko wawili tu, mimi na msomaji wangu. Kumbe tuko wengi.

Nyumba za Mwambao zina baraza nje ya mlango. Mpita njia huketi, akasalimia, akabisha, akaondoka. Mwenye nyumba husikia yote kwa sababu baraza ni lake. Kisanduku cha maoni kimejengwa kifanane na baraza hilo, ila fundi aliyelijenga ndiye anayeamua mlango unafunguka vipi, mlinzi ameajiriwa na mtu mwingine, na sheha akija kuuliza nani alisema nini, atakayeitwa ni mwenye nyumba.

Mlinzi na orodha yake

Tuanze na mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyemzuia mama yangu wa Mvomero.

Ili kumwelewa inabidi turudi kwenye chanzo cha taka zenyewe. Google ilipopata umaarufu, siri yake ilikuwa kuhesabu viungo: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi ulichukuliwa kuwa na uzito, kama mtu anayetajwa na wengi kijijini. Wafanyabiashara wa mtandaoni wakaona upenyo. Kuomba watu elfu moja waweke kiungo chako ni kazi, lakini kila blogu ina kisanduku kilicho wazi kwa yeyote. Wakaunda programu za kuzunguka usiku na mchana zikibandika “Makala nzuri sana, asante” pamoja na kiungo cha duka. Asante ile haikuwa ya mwandishi. Ilikuwa ya mashine ya kutafutia.

Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kuhusu alama moja inayofichwa ndani ya kiungo, iitwayo nofollow, ambayo huiambia mashine ya kutafutia isikihesabu kiungo hicho. Majukwaa ya kuandikia blogu kama Blogger na WordPress yakaiweka kwenye maoni mara moja. Kwa hesabu za karatasini taka zingekoma, maana faida ilikwisha. Hazikukoma. Kutuma maoni milioni moja kwa programu ni karibu bure, na mtu asiyelipia risasi halengi. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Automattic ikatoa Akismet, kichujio kinachotumiwa na blogu nyingi za WordPress mpaka leo. Ubunifu wake ulikuwa kukusanya uamuzi mahali pamoja: maoni yakiingia kwenye blogu yako hutumwa kwanza kwenye seva za Akismet, yakalinganishwa na yaliyoonekana kwingineko, kisha jibu likarudi kwamba haya ni safi au haya ni taka.

Hapo ndipo kisa kinapokolea. Mlinzi wa namna hii hasomi hoja. Anasoma dalili. Kuna viungo vingapi? Maneno haya yameshatumwa mahali pengine, au yamerudiwa hapa hapa? Anwani iliyotumika imewahi kutuma uchafu? Fomu ilijazwa kwa sekunde ngapi? Vigezo vyote havitangazwi, na sababu inaeleweka: wenye taka nao wanajua kusoma. Sasa mtazame msomaji wetu wa kawaida. Anaandika kwa ufupi, “Hongera sana mkuu, endelea kutuelimisha.” Anaandika vilevile kwenye blogu nyingine tano. Anaweka namba yake ya simu ili mwandishi ampigie, kwa sababu huku kwetu mazungumzo ya maana huishia kwenye simu. Akiona maoni hayajatokea, anayatuma tena. Na tena. Machoni mwa mlinzi, adabu yote hiyo ina sura ya programu ya taka. Mama wa Mvomero alipotuma mara ya pili na ya tatu alidhani anagonga mlango kwa nguvu zaidi. Alikuwa anajiandikia hati ya mashtaka.

Kuna folda mbili ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya huku ndiko kunakoleta lawama nyingi. Kwenye WordPress, maoni ya mtu anayeandika kwa mara ya kwanza huwekwa kwenye foleni ya kusubiri idhini, hata yawe safi kiasi gani. Yenye viungo viwili au zaidi nayo husubiri. Hayo utaarifiwa kwa barua pepe. Yaliyotiwa folda ya taka, kwa upande mwingine, huingia kimyakimya, na Akismet huyafuta yenyewe baada ya siku 15. Kama hujachungulia ndani ya wiki mbili, ushahidi wenyewe umeshatoweka. Mimi nilipona kwa bahati tu kwamba mfumo wangu haufuti haraka hivyo.

Mlango unaokuzungusha

Kabla ya kufika kwa mlinzi, msomaji lazima apite mlangoni, na hapa kero ni ya aina nyingine. Bila shaka umewahi kuiona: msomaji anaandika maoni yake marefu kwenye blogu ya Blogger, anabonyeza kutuma, anaambiwa aingie kwenye akaunti yake ya Google. Anaingia. Anarudishwa kwenye makala, kisanduku kitupu, na bado anaambiwa aingie. Anaingia tena. Maneno yamepotea, na hamu nayo imepotea.

Sababu yake ni vidakuzi. Kidakuzi ni kikaratasi kidogo ambacho tovuti hukiacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi, mfano wa ile namba unayopewa ukiacha mzigo wako kwa mtunza mizigo wa stendi. Sasa, blogu yako ina anwani yake, lakini kisanduku cha maoni kilichopachikwa chini ya makala kinatoka kwenye anwani ya blogger.com. Ni dirisha la nyumba ya jirani lililotobolewa kwenye ukuta wako. Ili dirisha hilo limtambue msomaji, lazima lisome kidakuzi cha blogger.com wakati msomaji yuko kwako. Kwa miaka mingi lilisoma bila shida. Lakini kampuni za matangazo zilitumia mlango huohuo kuwafuata watu tovuti hadi tovuti, na vivinjari vikaanza kuuziba. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kiliziba vidakuzi vyote vya namna hiyo mwezi Machi 2020. Firefox nayo imechukua hatua zake. Aliyetaka kukukinga na wapelelezi wa matangazo amekuzuia na kutoa maoni kuhusu mbilingani.

Dawa ipo, na nashangaa jinsi isivyojulikana. Kwenye mipangilio ya Blogger, mahali panapouliza maoni yakae wapi, ukiacha kuyapachika ndani ya makala na kuchagua yafunguke kwenye dirisha lake au ukurasa kamili, msomaji anakuwa ameingia blogger.com yenyewe, na vidakuzi vinasomeka kama kawaida. Haipendezi machoni. Inafanya kazi.

Mlango mwingine ni ule wa kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, kapcha. Herufi zilizopindapinda za zamani angalau zilikuwa na faida ya pembeni: reCAPTCHA, iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na Google mwaka 2009, ilitumia maneno ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma kwenye vitabu na magazeti ya kale, na kila aliyeyaandika alisaidia kuyaingiza kwenye kompyuta. Baadaye yakaja mafumbo ya picha. Chagua miraba yote yenye bomba la zimamoto. Msomaji wa Singida, ambaye hajawahi kuona lile bomba fupi jekundu la pembeni mwa barabara za Marekani, anaambiwa na mashine kwamba yeye ndiye roboti.

Sanduku la posta la shule nzima

Kuna kero inayotupata sisi tunaotumia intaneti ya simu kuliko inavyompata mtu wa London, na wanaotengeneza majukwaa huwa hawaifikirii sana.

Kila kifaa mtandaoni huhitaji anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha. Mfumo wa zamani, ambao bado unabeba mzigo mkubwa, una nafasi ya anwani takriban bilioni 4.3 tu, na zimekwisha kugawanywa. Kampuni za simu zikatatua tatizo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukitazama kutoka nje, wote ni mtu mmoja. Aliyesoma bweni ataelewa haraka: shule ya wanafunzi mia nane ina S.L.P. moja mjini, na barua za wote hupitia humo. Mwanafunzi mmoja akiandika barua ya matusi kwa mhariri wa gazeti, na mhariri akaamua kutopokea tena chochote kutoka sanduku lile, amewafungia mia saba na tisini na tisa wasio na kosa.

Ndicho tunachofanya kila tunapobonyeza “zuia anwani hii.” Nimewahi kumzuia mtukanaji mmoja aliyeniandama wiki nzima. Yeye alizima data akawasha, akapata anwani nyingine, akarudi kabla chai haijapoa. Ambaye hakurudi ni msomaji wangu wa miaka mingi aliyekuwa mtandao uleule. Niligundua miezi kadhaa baadaye, tulipokutana ana kwa ana na akaniuliza nilichukizwa na nini.

Opera Mini inaongeza kero. Kivinjari hiki kilipendwa Afrika kwa sababu hubana data: ukurasa hupakuliwa kwanza na seva za Opera, ukapunguzwa uzito, ndipo ukatumwa kwenye simu. Gharama yake ni kwamba vitu vinavyohitaji kujiendesha ndani ya simu yenyewe hukwama au havionekani. Visanduku vingi vya maoni vya kisasa ni vitu vya namna hiyo. Mwandishi aliyeviweka kwa kuona vinang’aa kwenye kompyuta ya ofisini hajui kwamba sehemu ya wasomaji wake huona nafasi tupu chini ya makala.

Ya nani hasa?

Kuna kitu kimoja kuhusu maoni ambacho hakionekani mpaka kiharibike: makala na maoni yake mara nyingi havihifadhiwi nyumba moja.

Blogger ilianza mwaka 1999 bila kisanduku cha maoni. Ilikuja kuwa nacho mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya kununuliwa na Google. Katikati hapo wanablogu walikopa visanduku kwa wengine, hasa huduma ya HaloScan. Ikanunuliwa mwaka 2008 na kampuni ya JS-Kit, ikazimwa. Mrithi wake, Echo, naye akazimwa mwaka 2012. Blogu zilizoitegemea zilibaki na makala zinazojibu maswali ambayo hayapo tena, kama kusikiliza upande mmoja wa mtu anayeongea na simu.

Ungedhani funzo lilieleweka. Aprili 2013 Google yenyewe ikawapa wanablogu wa Blogger maoni yaliyounganishwa na mtandao wake wa kijamii, Google+. Kubonyeza ilikuwa rahisi na ahadi ilikuwa nzuri: mtu akijadili makala yako huko, mjadala ungeonekana kwako. Mwaka 2019 Google+ ikafungwa, na maoni yaliyoandikwa humo yakafutwa. Siongelei kampuni changa iliyofilisika. Naongelea mwenye jukwaa kuweka maoni ya wateja wake kwenye kapu lake jingine, kisha kapu likatupwa.

Disqus, huduma nyingine ya visanduku vya maoni iliyoanza mwaka 2007, imeishi muda mrefu zaidi, na nitakuwa mkweli: kwa blogu yenye maoni mengi ina usimamizi mzuri kuliko vyote nilivyojaribu. Lakini huduma ya bure hulipwa kwa matangazo na taarifa za wasomaji. Mwaka 2017 ilinunuliwa na Zeta Global, kampuni ya masoko. Mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Norwei ilitangaza kusudio la kuitoza faini ya krona milioni 25 kwa kuwafuatilia wasomaji wa tovuti za nchi hiyo bila msingi wa kisheria. Msomaji alikuja kuuliza bei ya mbegu akaondoka amepimwa urefu na kiatu.

Anayehifadhi WordPress kwenye seva aliyoilipia mwenyewe hana tatizo hili, kwani maoni hukaa kwenye hifadhidata ileile ya makala. Ana matatizo mengine, ikiwemo bili. Hata hivyo anaweza kubeba kila kitu akahama.

Sheha akibisha hodi

Tumefika kwenye fundo gumu zaidi. Msomaji akiandika tusi au uzushi kwenye blogu yako, nani amesema?

Marekani walikutana na fundo hili kabla blogu hazijazaliwa. Mwaka 1991 mahakama ya shirikisho iliyoko New York iliamua kwamba CompuServe, kampuni ya huduma za mtandaoni, haiwajibiki kwa kashfa iliyowekwa kwenye huduma yake, kwa kuwa haikupitia yaliyowekwa. Mwaka 1995 mahakama ya jimbo la New York ikaiona kampuni nyingine ya namna hiyo, Prodigy, inawajibika, kwa kuwa Prodigy ilikuwa inajitahidi kusafisha matusi. Soma tena sentensi hizo mbili. Aliyefumba macho alipona, aliyeshika ufagio akashtakiwa. Bunge la nchi hiyo likaona upuuzi ulivyo, na mwaka 1996 likapitisha kifungu kinachojulikana kwa namba yake, 230, kinachosema mwenye jukwaa hachukuliwi kuwa ndiye msemaji wa maneno ya wageni wake, na kusafisha kwa nia njema hakumtii hatiani. Majukwaa tunayotumia yalikua chini ya kivuli cha kifungu hicho. Yameundwa kwa ajili ya mwenye blogu wa Marekani, aliyekingwa.

Sisi wengine hatukukingwa vivyo hivyo. Kesi ninayoipenda kuielezea ni ya Estonia, kwa sababu ilianza na barafu. Januari 2006 tovuti ya habari Delfi ilichapisha habari kuhusu kampuni ya vivuko iliyoharibu njia za barafu ambazo watu huzitumia kuvukia visiwani wakati wa baridi kali. Maoni 185 yakamiminika, takriban 20 yakiwa ya matusi na vitisho dhidi ya mmiliki mkuu wa kampuni hiyo. Delfi ilikuwa na kichujio cha maneno machafu. Ilikuwa na kitufe cha kuripoti. Ilipoandikiwa na mawakili iliyaondoa siku hiyohiyo. Haikutosha, kwa kuwa yalikwisha kukaa hapo wiki sita. Mahakama za Estonia ziliipa adhabu ya kulipa fidia ya kama euro 320, na Juni 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaunga mkono hukumu. Fedha yenyewe haifiki bei ya simu nzuri. Kilichowatisha wenye tovuti ni kanuni. Hata hivyo mahakama ileile ilisema haizungumzii blogu ya mtu binafsi anayeandika kwa mapenzi yake, na mwaka 2017, katika kesi ya blogu ndogo ya Sweden iliyofuta maoni ya kashfa siku moja baada ya kuambiwa, ilikataa kumlaumu mwenye blogu.

Tanzania ilichagua njia nyembamba zaidi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwanablogu awe na leseni, kwa ada zilizofika takriban shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia. Zilimtaka achuje maudhui, awe na namna ya kutambua yanatoka kwa nani, na aondoe yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. Adhabu ya kukiuka haikupungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Zilifuatwa na kanuni mpya mwaka 2020 na marekebisho baada ya hapo, kwa hiyo anayefungua blogu leo asome za sasa. Lakini ziweke kanuni zile za 2018 pembeni ya jukwaa lililotumiwa na wanablogu wengi wa nchi hii. Blogger haimwonyeshi mwenye blogu anwani ya IP ya aliyetoa maoni. Asiyejitaja anaandikwa tu kuwa hakujitaja. Sheria inamdai mwenye nyumba jina la mgeni, na fundi aliyejenga mlango hakuweka tundu la kuchungulia.

Kwa msomaji wa Kiswahili kutojitaja lilikuwa jambo kubwa kuliko uoga. Wanaoikumbuka blogu ya mpiga picha Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, watakumbuka utitiri wa maoni yaliyotiwa saini “Mdau, London” au “Mdau, Houston.” Watu waliokuwa mbali na nyumbani walipata mahali pa kubishana kuhusu foleni za Dar es Salaam bila kujulikana ni mtoto wa nani. Michuzi mwenyewe aliyapitia kabla ya kuyaruhusu, na mara nyingine alijibu kwa utani. Ule ndio usimamizi ambao hakuna kichujio kilichouiga: mtu anayejua mzaha ni upi na tusi ni lipi, hata pale ambapo maneno ni yaleyale. “Wewe mzee wa hovyo sana” linaweza kuwa salamu ya watani. Jaribu kuieleza hiyo mashine.

Vyombo vikubwa vilichoka. Jarida la Popular Science lilifunga maoni Septemba 2013. Redio ya NPR ya Marekani ilifunga Agosti 2016, na takwimu ilizotoa zinafaa kutafakariwa: mwezi Julai mwaka huo ilikuwa na watembeleaji milioni 33, lakini maoni yote 491,000 ya mwezi ule yaliandikwa na watu 19,400, chini ya asilimia 0.06. Ukisoma maoni ukadhani umesikia wasomaji, umesikia meza moja ya kelele kwenye ukumbi mzima. Gazeti la The Guardian, lililochambua maoni yake milioni 70 mwaka huohuo, lilikuta kati ya waandishi wake 10 walioandamwa zaidi, 8 ni wanawake, na wawili waliobaki ni wanaume weusi.

Naelewa kwa nini walifunga. Sikubaliani nao kwa blogu zetu ndogo. NPR ina wahariri wa kugundua kosa. Mimi nina mama wa Mvomero.

Na ukweli ni kwamba hata mlango ukiwa wazi, wasomaji wengi wamehamia kwingine. Makala hubebwa kwa kiungo mpaka kwenye kundi la WhatsApp, ikajadiliwa humo kwa ukali na akili, mimi nikabaki na kisanduku kitupu nikidhani hakuna aliyesoma. Anayekuja miaka mitatu baadaye kutafuta “kantangaze mbilingani” hatauona mjadala ule. Kisanduku cha maoni, pamoja na kero zake zote, huacha kumbukumbu pale ambapo kosa lilifanyika.

Siku ile nilirekebisha makala. Niliacha kosa langu likionekana, limepigwa mstari, na chini yake nikaandika alivyonieleza mama, kwa ruhusa yake, nikimwita mkulima wa Mvomero kama alivyotaka. Nikafungua dirisha la maoni lisilodai akaunti, nikaweka foleni ya idhini, na kila Ijumaa jioni sasa nafungua folda ya taka na chai mkononi. Kisha nikampigia, nikamwomba ajaribu kutuma tena nione kama njia imefunguka.

Ilichukua dakika kumi. Maoni yaliingia kwenye foleni, si kwenye taka, nikayaruhusu papo hapo:

“Sasa nimeona. Ila hiyo picha uliyoweka si mbilingani, ni ngogwe.”